Dakika Kumi za Kutazama Juu

Wengi wetu hutazama juu tukiwa na swali moja tu: mvua itanyesha au haitanyesha? Jibu likipatikana, macho yanarudi chini. Kutazama kwa namna hiyo kunatosha kumwambia mtu abebe mwavuli, lakini anga lenyewe hatakuwa ameliona. Karibu kila kilicho kizuri huko juu huonekana na mtu aliyekaa: wingu linakua na kuchakaa, kivuli cha dunia kinapanda, mwezi unahama, na macho yenyewe yanazoea giza hadi yaone yasiyoonekana mwanzoni. Ukitupa jicho utaambulia rangi. Ukikaa dakika kumi utaona mambo yakitendeka.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na majina ya nyota, wala haukutaki ununue darubini. Unahitaji muda, mahali pa kukaa, na kila mara jambo moja la kuangalia.

1. Tenga muda, kisha tafuta kona yako

Usingoje siku utakapopata nafasi. Siku hiyo haina haraka ya kufika. Funganisha kutazama na jambo unalolifanya tayari, iwe kuanua nguo au kusubiri basi. Ukiweza kuchagua, chagua nusu saa kabla ya jua kuzama hadi nusu saa baada yake. Hapo anga hubadilika upesi kuliko wakati mwingine wowote wa siku, ukiacha alfajiri, ambayo huleta mambo yaleyale kwa mpangilio wa kinyume.

Mahali si lazima pawe uwanja. Dirisha, roshani, paa, hata ua uliobanwa na kuta unatosha. Upeo wa macho ulio wazi magharibi au mashariki ni neema, lakini anayeona kipande tu cha anga kati ya majengo naye ana faida yake: ana ukingo wa kupimia. Egemeza kichwa ukutani kisitikisike, chagua wingu lililo karibu na ukingo wa paa, na ulitazame likipita. Mwendo ambao hukuutambua kwenye anga pana utauona mara moja.

Usiku fanya vivyo hivyo na nyota. Dunia hujizungusha nyuzi 15 (vipimo vya pembe) kwa saa, hivyo nyota iliyo karibu na pembe ya ukuta itapotea nyuma yake huku unaitazama. Andika saa. Kesho ukikaa palepale, kichwa kikiwa palepale, nyota hiyohiyo itapotea dakika 4 mapema zaidi. Baada ya mwezi mmoja itakuwa imetangulia kwa saa 2 hivi. Ndivyo nyota za msimu mmoja zinavyowapisha za msimu mwingine, nawe utakuwa umeupima mwendo huo kwa ukuta na saa ya mkononi.

Lala chali kwenye mkeka au tumia kiti cha kuegemea. Mtu anayeinua kidevu akiwa amesimama huumwa shingo baada ya dakika mbili, akadhani ni anga lililomchosha.

Simu iweke mbali. Sina ugomvi na picha, ila simu ina tabia ya kufunga kikao: ukishapiga picha, akili huhesabu kwamba kazi imekwisha. Piga mwishoni, ukiwa unaondoka.

Sharti moja halina mjadala: usilitazame jua lenyewe, hata likiwa nyuma ya wingu jepesi, hata ukiwa umevaa miwani ya kawaida ya jua. Ukitaka kuona kilicho karibu nalo, simama mahali ambapo pembe ya nyumba au shina la mti linalificha.

2. Anza na rangi, hata kama hakuna wingu

Anga tupu la mchana ndilo watu husema halina kitu. Tazama juu ya utosi, kisha shusha macho taratibu hadi kwenye upeo. Buluu nzito ya juu hupauka kadiri unavyoshuka, na karibu na ardhi inaweza kuwa nyeupe kabisa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani, lakini macho huizoea na kuifuta.

Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alilichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka 1789 alitengeneza duara la karatasi lenye vipande 53 vilivyopakwa rangi kuanzia nyeupe, kupitia kila daraja la buluu, hadi nyeusi. Aliliinua na kutafuta kipande kinacholingana na anga la wakati huo. Mtafiti Mjerumani Alexander von Humboldt alipanda mlima Chimborazo, katika Ekuado ya leo, mwaka 1802 akiwa na kifaa cha namna hiyo, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo buluu inavyokuwa nzito. Jitengenezee chako kwa rangi za maji. Vipande vinane au kumi vinatosha. Kilinganishe na anga asubuhi, adhuhuri na jioni, kabla ya mvua na baada yake. Ukiwa na watoto, waachie wao wasome. Macho yao huwa makali kuliko yetu na hawaoni haya kubishana.

Mwanga wa jua una rangi zote, na molekuli za hewa hutawanya mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu. Buluu hutawanywa mara kadhaa zaidi kuliko nyekundu, jambo ambalo mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza kwa hesabu mwaka 1871, na kwa hiyo hukujia kutoka kila upande. Urujuani hutawanywa hata zaidi, ila jua huutoa kwa uchache na macho yetu ni mazito kuuona. Ukitazama upeo, unatazama kupitia hewa nyingi. Mwanga umetawanywa tena na tena hadi rangi zimechanganyika, na vumbi na unyevu vimeongeza weupe. Ndiyo sababu mvua ikishaosha hewa, buluu hushuka karibu hadi chini.

Jambo moja la kando. Ukiikazia macho buluu tupu kwa muda, utaona vidoa vidogo vinavyong'aa vikikimbia huku na huko. Haviko angani. Ni chembe nyeupe za damu zikipita katika mishipa myembamba ya retina, utando wa nyuma wa jicho lako.

3. Chagua wingu moja

Anayetazama mawingu yote haoni hata moja. Chagua dogo, lisilozidi ngumi yako ukiwa umenyoosha mkono, na usiliache.

Luke Howard, mfamasia wa London, aliyapanga mawingu katika familia mwaka 1802, na mpango wake unatumika hadi leo ukiwa umeongezewa matawi. Kuna kumulasi, yale yanayorundikana kama pamba. Kuna stratasi, yaliyotandazwa yakafunika anga zima. Na kuna sirasi, nyuzi nyembamba za juu kabisa. Kwa kuanzia, kumulasi za mchana wa jua ndizo zenye mengi.

Tazama kingo. Kingo kali, zilizokatika waziwazi, ni za wingu linalokua: hewa yenye joto inapanda na mvuke wake unageuka matone. Kingo zilizochanikachanika na kufifia ni za wingu linalokauka. Mara nyingi wingu moja huwa na hali zote mbili, linajengeka upande huu na kubomoka upande ule. Mengi madogo hayamalizi saa nzima, kwa hiyo katika kikao kimoja unaweza kuliona likitokea mahali palipokuwa patupu, likanenepa, likaisha.

Kisha tazama matumbo yake. Yamekatwa bapa, na ya mawingu jirani yako katika kimo kilekile, kwa sababu hapo ndipo hewa inayopanda inapopoa kiasi cha mvuke kuwa maji. Wingu lenye kilomita moja kila upande, likiwa na nusu gramu ya maji katika kila mita ya ujazo, lina uzito wa tani 500. Halianguki kwa kuwa matone yake ni madogo mno na hewa inayopanda huyabeba.

Ukishalizoea wingu moja, tafuta tabaka mbili. Mara nyingi mawingu ya chini huelekea upande mmoja na ya juu upande mwingine. Ni pepo mbili tofauti. Nyuzi za sirasi ni chembe za barafu zinazoanguka huku zikiburutwa na upepo. Utando mwembamba wa barafu ukilifunika jua au mwezi, tafuta duara kulizunguka. Nyoosha mkono na utandaze vidole: shubiri yako, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole kidogo, ni nyuzi 20 na ushei, na duara huwa umbali wa nyuzi 22, kwa sababu mwanga umepinda ndani ya chembe za barafu zenye pande sita. Lizoee kwanza kwenye mwezi, ambao hauumizi macho.

Wingu likiendelea kupanda mpaka kichwa chake kitandazike bapa, kikao kimegeuka. Umeme ukimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani, na usitoke kabla dakika 30 hazijapita tangu ngurumo ya mwisho.

Kuhusu upinde wa mvua, neno moja tu. Lipe jua mgongo na utafute nyuzi 42 kutoka kivuli cha kichwa chako, yaani shubiri mbili hivi. Jua likiwa juu zaidi ya nyuzi 42, kwenye ardhi tambarare usijisumbue. Ukiupata, angalia nje yake kama kuna wa pili uliofifia: rangi zake zimepangwa kinyume, na anga katikati ya pinde hizo mbili ni jeusi kuliko pande zote.

4. Jua likizama, kaa

Watu huondoka jua linapozama, na hapo ndipo kikao kinapoanza. Ukichagua hatua moja tu katika mwongozo huu, chagua hii.

Geuka, ipe magharibi mgongo. Dakika chache baada ya jua kuzama, anga likiwa safi, utaona mkanda wa buluu yenye ukijivu umelala juu ya upeo wa mashariki, na juu yake mkanda mwingine wa waridi. Ule mzito ni kivuli cha dunia kilichoangukia hewa. Waridi ni hewa iliyo juu ya kivuli, ambayo bado inapata mwanga mwekundu wa jua lililokwisha kuzama kwako. Tia alama kwa macho, mti au paa la jirani, na ufuatilie mpaka kati ya rangi hizo mbili. Unapanda. Baada ya robo saa hivi waridi hufifia, mpaka hupotea, na kivuli hicho kinakuwa usiku wenyewe. Nimeshangaa mara nyingi jinsi watu wazima wanavyoweza kuishi miaka yote chini ya kitu hiki bila kuonyeshwa.

Sasa rudi magharibi. Mwanga unaofika hapo umepita kwenye hewa nyingi mno, buluu imetawanywa njiani, zimebaki manjano na nyekundu. Kama kuna mawingu ya kimo tofauti, angalia zamu zao: ya chini hugeuka kijivu kwanza, ya kati hufuata, na ya juu kabisa hubaki yakiwaka hata dakika 10 au 20 baada ya jua kuzama, kwa kuwa huko juu bado halijazama. Bila kifaa chochote utajua lipi liko juu ya lipi. Usikate tamaa anga likionekana limezimika mara tu baada ya machweo. Mara nyingi rangi kali zaidi hurudi baadaye.

Muda ulio nao unategemea ulipo. Karibu na ikweta jua hushuka wima, na giza kamili, jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, hufika baada ya saa moja na dakika chache. Kaskazini au kusini zaidi jua hushuka kwa mshazari na utusitusi hurefuka. Katika majira ya joto kuna mahali giza hilo halifiki usiku kucha. Wa ikweta asichelewe.

Kabla hujainuka, tafuta nuru ya kwanza. Zuhura ikiwa zamu yake ni ya jioni, itakuwa yenyewe, magharibi, ikionekana hata kabla giza halijaingia. Ukibishana na mwenzako kama kitu ni nyota au sayari, angalieni kumeta. Nyota ziko mbali kiasi cha kuwa nukta, na hewa inayotikisika huichezesha nukta kwa urahisi. Sayari ni vijiduara, mwanga wake hutulia.

5. Mfuate mwezi kwa juma moja

Anza na mwezi mwandamo, na utazame kila siku saa ileile, mahali palepale. Kila jioni utaukuta mnene zaidi na umesogea mashariki kwa nyuzi 13 hivi, zaidi kidogo ya ngumi moja ya mkono ulionyooshwa. Ndiyo sababu huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Mwezi ukiwa karibu na nyota angavu, unaweza kuuona ukihama usiku huohuo: kwa saa moja husogea umbali unaolingana na upana wake.

Siku za mwanzo tazama sehemu isiyo na mwanga. Haiko gizani kabisa. Duara zima linaonekana kwa nuru hafifu ya kijivu. Ni mwanga wa jua uliogonga dunia, ukaenda mwezini, ukarudi kwetu. Leonardo da Vinci alilieleza hivyo mwanzoni mwa karne ya 16.

Pembe za mwezi mchanga nazo hutegemea mtazamaji. Karibu na ikweta jioni huelekea juu. Kaskazini sehemu inayong'aa huwa kulia, kusini huwa kushoto. Ukiwa na ndugu au rafiki upande wa pili wa dunia, mpigie simu mlinganishe. Ni sababu nzuri ya kupiga kuliko nyingi.

Mwezi mpevu ukichomoza mkubwa ajabu, nyoosha mkono uufunike kwa kidole kidogo. Utafunikwa wote na nafasi itabaki, kwa kuwa upana wake ni nusu ya nyuzi. Upime tena ukiwa juu ya utosi: kipimo ni kilekile. Ukubwa ulikuwa kichwani mwako, lakini hakuna anayekuzuia kuufurahia.

6. Usiku, yape macho nusu saa

Hapa subira ndiyo kila kitu. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja mweupe wa simu unakurudisha mwanzo. Ukihitaji taa, funga tochi kwa karatasi nyekundu. Hesabu nyota katika kipande kimoja cha anga ulipofika, kisha hesabu tena baada ya nusu saa. Penye giza kamili, mtu mwenye macho mazuri anaweza kuona nyota 2,000 na zaidi kwa wakati mmoja.

Jifunze kutazama pembeni. Katikati ya jicho ni pazuri kwa rangi lakini ni pabovu gizani. Jaribu na Kilimia: ukiikazia macho ni kidoa tu, ukitazama kando yake kidogo, nyota zinajitenga. Wengi huhesabu sita. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka 400. Ule wa Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku, umesafiri miaka 8.6.

Tafuta rangi pia, kwani nyota si nyeupe zote. Katika Jabari, lile kundi lenye nyota tatu zilizopangwa mstari kiunoni, linganisha Betelgeuse, iliyo nyekundu, na Rigel, nyeupe yenye ubuluu. Hapa mantiki ya mabomba ya maji imegeuzwa: nyekundu ndiyo baridi, buluu ndiyo moto.

Anayeishi mjini asikubali kuambiwa hana anga. Ni kweli zaidi ya theluthi moja ya watu duniani hawawezi kuiona Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota unaokata anga, kwa ajili ya taa, kama ramani ya dunia ya mwaka 2016 ilivyoonyesha. Lakini mwezi, sayari na nyota angavu hazizimwi na taa, na saa mbili za kwanza za usiku zina setilaiti. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilomita 400 hivi juu yetu, huzunguka dunia kwa dakika 90. Utakiona kikikata anga kwa dakika chache, bila kumeta na bila taa za rangi za ndege, na mara nyingine kitazimika ghafla katikati ya safari. Kimeingia katika kile kivuli cha dunia ulichokiona jioni.

7. Weka tarehe chache kwenye kalenda

Vimondo vya Perseidi hufikia kilele usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Agosti, na huonekana vizuri zaidi kaskazini. Vya Geminidi, tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, huwafaa wa pande zote mbili. Angalia kwanza mwezi utakuwa wa ukubwa gani, maana mwezi mpevu hufuta vimondo hafifu. Lala chali baada ya saa sita usiku na usichague upande. Kimondo kingine hutokea baada ya kimya kirefu, kwa hiyo nenda na blanketi na mtu wa kuzungumza naye.

Kupatwa kamili kwa jua tarehe 2 Agosti 2027 kutapita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini na Rasi ya Uarabuni, na karibu na Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika 6. Kwingine kutakapoonekana kutakuwa kwa sehemu tu, na kwa sehemu maana yake miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2 tangu mwanzo hadi mwisho. Huna miwani? Simama chini ya mti wenye majani mengi na utazame ardhini: kila mwanya kati ya majani utachora kijijua kilichomegwa. Miwani iliyokwaruzika au kutoboka itupe, hata kama uliinunua jana.